Kiti cha Mapumziko

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilivyofukuzwa kwenye ghala la mbao kwa sababu ya mdomo wangu, na jinsi dada yangu alivyonishika mkono akanipeleka kwenye kiwanda cha kufua alikokuwa akifanya kazi mwenyewe. Mnajua habari ya mwenzetu aliyeungua kwenye pasi kubwa, ile ya roli inayomeza mashuka ya hospitali na hoteli kutwa nzima. Mnajua pia asubuhi ile tuliyogoma kuingiza hata shuka moja mpaka tuletewe glavu.

Glavu zililetwa. Tukashangilia kama wajinga.

Wiki iliyopita niliwaacha pale msimamizi alipouliza nani aliyeanzisha mgomo. Niliyeanzisha ni mimi. Kabla sijafungua kinywa, Dada akasema, "Ni mimi."

Msimamizi hakukasirika. Laiti angekasirika!

Msimamizi wetu tunamwita Shangazi. Jina hilo hakujipa, tulimpa sisi, kwa kuwa ana sauti ya kubembelezea watoto na hasahau kuuliza hali ya mgonjwa wako wa nyumbani. Siku ile aliingia ofisini akatoka amebeba kiti, yeye mwenyewe, hakumtuma mtu. Kiti cha mbao chenye mto mwekundu. Akakiweka katikati ya ukumbi, kikitazama nguzo.

"Umechoka, mwanangu," akamwambia Dada. "Njoo upumzike."

"Mpaka lini, Shangazi?"

"Mpaka uchovu uishe."

Mimi mgeni nikadhani ni zawadi. Nikageuka nicheke na mwenzangu wa pasi, jamaa tunayemwita Kipara kwa sababu ana nywele nyingi kuliko ukumbi mzima. Kipara hakuwa anacheka.

"Usimtazame," akaninong'oneza.

"Kwa nini?"

"Kapumzishwa. Aliyepumzishwa hatazamwi. Wala hasemeshwi."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Shika shuka, Redio."

Redio ni mimi. Hata hilo hamkuhitaji kuambiwa.

* * *

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo hili ukilisimulia haraka linaonekana la kuchekesha.

Dada alikaa. Mshahara wake haukuguswa. Hakupigwa, hakutukanwa, hakunyimwa maji. Shangazi mwenyewe alimletea maji kwenye glasi ya ofisini. Asubuhi alifika kama sisi, akavaa aproni kama sisi, akaenda kukaa akitazama nguzo mpaka kengele ya kutokea. Akitaka kwenda msalani, alinyoosha mkono kama mtoto wa shule na kungoja Shangazi amwone. Shangazi hakuwa na haraka ya kuona.

Na tukapita. Tulipita na matoroli kushoto kwake na kulia kwake. Wanawake waliokuwa wakikunja mashuka naye, waliojua hata ndoto zake, walimpita kama tope, kwa kuinua sketi. Hakuna aliyekuwa na ubaya naye. Kila mmoja aliogopa tu kwamba ofisini kuna viti vingi.

Angeinuka bila ruhusa, ingehesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake. Na Shangazi alikuwa ameshatutangazia, kwa upole uleule: "Glavu zimekuja kwa ombi la dada yenu. Akiacha kazi, ombi nalo limeacha kazi."

Mmeona fundo hilo? Mikono yetu sote ilikuwa salama kwa sababu yeye alikuwa kwenye kile kiti. Kwa hiyo hatukumtazama, na wakati huohuo tuliomba Mungu asiinuke.

Nilidumu siku chache, kisha nikaingia ofisini.

"Shangazi, aliyeanzisha ni mimi."

"Najua, mwanangu. Kaa."

"Unajua?"

"Tangu asubuhi ile. Nani mwingine hapa anasema 'ndugu wafanyakazi' hata akiomba sabuni?" Akacheka, tena kicheko kizuri, kicheko cha mtu wa nyumbani.

"Basi mwinue yeye, unikalishe mimi."

Akanitazama kwa huruma. Naapa ilikuwa huruma.

"Wewe nikikukalisha pale utahutubia nguzo. Utaimba. Utakuwa shujaa, watu watakuletea sigara. Kiti kile si cha watu kama wewe. Dada yako anaishi kwa salamu. Nimemwangalia miaka mingi: hawezi kukunja foronya bila kumuuliza jirani yake ameamkaje. Yeye ndiye kinayemfaa." Akanyanyuka akanifungulia mlango. "Na wewe, nafasi yako ni pale kwenye pasi. Pale unamwona vizuri."

Sikusoma shule, mnajua. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa misumari, na kamusi isiyo na jalada niliyoiokota jalalani. Kamusi ile ilisema ukatili ni kukosa huruma. Aliyeiandika hajawahi kufanya kazi kwetu. Shangazi hakukosa huruma. Alikuwa nayo tele, na ndiyo iliyomwonyesha pa kuchoma. Mpumbavu anapiga popote. Mkatili anauliza kwanza wapi panauma, na anauliza kwa upendo.

* * *

Nikaomba ruhusa nikaenda ofisi ya kazi, ile ya serikali. Nikamkuta ofisa kijana, shati limenyooka, pengine hata lilifuliwa kwetu.

"Malalamiko yako ni nini, ndugu?"

"Dada yangu anafanyiwa ukatili kazini."

Akachukua kalamu. "Anapigwa?"

"Hapana."

"Anatukanwa?"

"Hapana. Anaitwa mwanangu."

"Mshahara?"

"Anapata wote."

"Sasa wanamfanya nini?"

"Wanamkalisha kwenye kiti."

Kalamu ikasimama. "Kiti cha namna gani? Kina misumari?"

"Kina mto."

Ofisa akamwita mwenzake wa chumba cha pili. "Hebu njoo usikie! Kuna mtu hapa dada yake analipwa kwa kukaa!"

Wakacheka mpaka yule wa pili akajifuta machozi. "Ndugu yangu," akasema, "muulize dada kama atakubali tubadilishane. Mimi nitaenda na mto wangu."

Nilitaka kupindua meza. Lakini nimeshapindua meza nyingi maishani, na kila nilipopindua aliyeokota vitu ni mimi. Nikatoka. Kicheko chao kilinifuata mpaka kwenye ngazi. Sijakisahau. Mimi sisahau kitu.

Nyumbani tulikuwa tunaishi chumba kimoja, mimi na Dada, pazia katikati. Zamani nikirudi nilikuwa namsikia kuanzia uani, akiwauliza majirani habari za watoto, kuku, mpaka jino bovu la mwenye nyumba. Jioni ile uani palikuwa kimya. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, uso ukutani.

"Dada, nimerudi."

Kimya.

"Nimeleta mkate. Chai iko tayari?"

Nikamshika bega. Akaruka kama aliyeguswa na pasi.

"Usiniguse," akasema bila kugeuka. "Wataona."

"Nani ataona? Tuko nyumbani!"

Akafikiri, kama mtu anayetafuta neno katika lugha ya kigeni. Kisha akanyoosha mkono, akaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Akaniomba mimi, mdogo wake niliyebebwa mgongoni mwake. Na Mungu anisamehe, nilijibu, "Nenda."

* * *

Sasa fuateni kosa langu, maana ni la kijinga kiasi kwamba hata adui yangu asingelibuni.

Mama yetu anaishi mbali, kwetu, nyumba moja na Mjomba, na simu ya nyumba ile anashika Mjomba. Dada alikuwa na desturi ya kumpigia Mama kila Jumapili, na Jumapili zilikuwa zimepita bure. Nikaona nipige mimi kabla hawajaingiwa na wasiwasi. Salio lilikuwa la kuhurumiwa.

"Mjomba, shikamoo. Mwambie Mama asishangae Dada hapigi simu. Amepumzishwa."

"Ame nini?"

"Amepumzishwa, Mjomba! Zimeshapita wiki sasa."

"Wiki! Na mnatuambia leo?"

"Tusingeweza kufanya lolote, uamuzi ulitoka juu. Na mimi nilijitolea niende badala yake, wakanikataa."

"Ewe Mola! Sasa yuko wapi?"

"Yuko palepale, karibu na ngu..."

Salio likakata.

Nilirudisha simu mfukoni nikijisifu kwamba nimewatuliza. Neno lile nilikuwa nimelisikia kiwandani kutwa mara ngapi sijui, mpaka nikasahau maana ambayo watu wote wa dunia hii wanayo. Kwetu mtu akipumzishwa, amepumzishwa udongoni. Na uamuzi ukitoka juu, kwetu unatoka juu kwelikweli.

Mama alifika asubuhi, kazi imepamba moto. Hakuja nyumbani, hakujua nyumba. Alijua jina la kiwanda. Tulisikia kilio getini, kikipanda juu ya sauti ya mashine. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, akaingia Mama, kanga ya msiba kichwani, Mjomba nyuma yake amebeba begi na hasira.

"Mmemzika mwanangu bila mimi!" Mama alikuwa analia. "Nionyesheni alipolala! Nionyesheni tu, sitaki kingine!"

Watu walimeza mate, na pasi ikaendelea kumeza mashuka. Mama akatembea katikati yetu akimtazama kila mmoja usoni, mpaka akafika kwenye kiti na kuuona mgongo anaoujua.

Akaita jina la utotoni la Dada. Silitaji hapa, si lenu.

Mgongo haukugeuka.

"Mwanangu? Ni mimi, Mama."

Dada aliisikia ile sauti. Lakini alikuwa hajaruhusiwa, basi akanyoosha mkono juu, akangoja.

Mama akadhani anaona mzuka. Akaanza kuanguka. Ningemdaka, lakini Shangazi aliniwahi. Alikuwa ameshatoka ofisini na kiti cha pili.

"Karibu, mama yetu," akasema akimkalisha. "Pole na safari. Pumzika."

Nikaacha shuka nikakimbia. Nikaeleza kwa haraka, maneno yakigongana: hajafa, Mama, ni neno tu, ni adhabu, kupumzishwa huku ni kukaa. Mjomba akanisonya msonyo mrefu. "Mtu mzima na ndevu zako hujui neno la kufiwa!" Mama hakusonya. Alininasa kibao ambacho masikio yangu yanakikumbuka mpaka leo.

"Yuko hai," akasema, "na wewe ulikuwa unapita hapa kila siku?"

Sikuwa na jibu. Redio nzima, betri mpya.

Mama akamgeukia Dada. "Inuka, twende nyumbani."

"Akiinuka kwa ajili yako, mama," Shangazi akasema taratibu, "kazi ameiacha, na wenzake watarudisha glavu leo hii. Sitamzuia. Mimi simzuii mtu." Kisha akainama kwenye sikio la Dada, lakini sote tulisikia. "Ama urudi kwenye mashuka yako, mwanangu. Uchovu wako umekwisha, naona. Ila kiti kisibaki kitupu. Niambie wewe nani amechoka."

Nikamtazama Kipara, na Kipara akatazama sakafu. Ukumbi mzima ukatazama sakafu. Mimi tu niliyebaki na kichwa juu, nikisema moyoni: atakataa. Huyu ni dada yangu, aliyesema "ni mimi" wakati sisi wengine tumemeza ndimi. Hatamtaja mtu.

Dada akasimama. Akageuka polepole, kama mtu anayeshuka kitandani baada ya homa. Uso ulikuwa wake, lakini sikuona aliyekuwa ndani.

"Redio," akasema.

Hakuwahi kuniita jina lile. Kwake nilikuwa mdogo wangu, au mpumbavu wangu akifurahi.

Shangazi akatikisa kichwa. "Huyo hapana. Huyo atahubiri, mwanangu."

"Kwa sababu wewe unamtazamisha nguzo," Dada akasema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Nguzo haimuumizi. Kigeuze kiti. Atazame watu. Mwache aseme mpaka achoke, na sisi tuendelee na kazi. Hawezi kuona watu wasiomsikiliza. Tangu mtoto hawezi."

Shangazi akamtazama Dada kama fundi anavyomtazama mwanafunzi aliyetoa kiti kizuri kuliko chake. Kisha akashika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza.

Mtauliza mbona sikukataa. Nilikuwa nimeomba kiti kile, ndugu zangu, niliomba kwa mdomo wangu. Na ningekataa, kingemngoja yeye. Nikaenda nikakaa. Mto ulikuwa bado wa moto.

Dada akavaa glavu zangu. Akasimama mahali pangu, mkabala na Kipara, akashika ncha ya shuka. Hakunitazama.

Nikafungua kinywa. "Ndugu wafanyakazi!" Nilisema kwa nguvu zangu zote. Nikawaambia wanachofanyiwa, nikawaambia jina halisi la jambo hilo, ukatili. Nilisema maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kusema, na nyuso zikapita mbele yangu, na matoroli yakapita, na mashuka yakaingia na kutoka. Yule mwenzetu aliyeungua akapita karibu kiasi cha kuniona jasho, akainua sketi.

Dada alikuwa amesema kweli. Nguzo ingekuwa nafuu.

"Ndugu..." nikaanza tena, na hapo mkono ukanifunika mdomo kutoka kiti cha pembeni. Mkono wa Mama, wenye harufu ya safari.

"Nyamaza, baba," Mama akaninong'oneza huku analia. "Nyamaza. Umemwona dada yako anavyofanya kazi vizuri? Usimharibie."

Nikanyamaza. Mdomo ulioshindikana na mabosi wote wa nyuma ulinyamazishwa na kiganja cha mama yangu mzazi.

Ndipo pasi ikazimika.

Haikupungua taratibu kama umeme unapokatika. Ilizimwa. Shuka likabaki nusu limemezwa, nusu linaning'inia, na mvuke ukaanza kupanda. Pasi ile haizimwi katikati ya kazi. Nguo ikibaki ndani inaungua, na aliyezima anahesabiwa mhalifu. Swichi iko upande wa wanaoingiza mashuka. Waliokuwa upande ule walikuwa wawili: Kipara na dada yangu.

Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, ukumbi ulikuwa kimya, na vichwa vyote vilikuwa juu. Harufu ya shuka kuungua ikatufikia.

Shangazi hakupandisha sauti. "Nani amezima?"

Kipara alikuwa ameshika aproni yake kwa vidole viwili, kama anayetaka kuivua na kama anayetaka kujifutia mikono.

"Nauliza kwa mapenzi mema, wanangu. Nani amezima?"

Dada akaanza kunyoosha mkono, vilevile alivyokuwa akinyoosha kuomba ruhusa. Ukapita kiuno, ukapita bega. Sisi sote tulikuwa tunautazama ule mkono, na kidole cha shahada kilikuwa bado kimekunjwa ndani ya glavu, hatujui kama kitanyooka juu kujitaja mwenyewe au pembeni kumtaja Kipara.